Shimo la Saba Lilikatwa Wapi

Hapana, Saidi. Hapana, na narudia hapana. Ulisema mbele ya watu, pale kwenye duka lako la spea Bulyaga, kwamba mashindano yetu ya gofu yaliharibiwa na Mzee Asajile, tena makusudi. Ukasema huku unacheka, umeshika plagi ya pikipiki mkononi, kama vile unamzungumzia mtu aliyemwaga chai. Nilitaka kukurukia. Shukuru meza ilikuwa katikati. Nimeamua nikae niandike, kwa sababu nikisema kwa mdomo nafoka, na nikifoka watu wanasikia kelele tu, maneno yanapotea.

Na siandiki kwa ajili yako peke yako. Naandika kwa ajili ya nyie vijana mnaokata majani kwenye viwanja vya gofu huko mjini, mnaoendesha mashine mmekaa kama madereva wa trekta. Juzi mmoja wenu aliniita mstaafu. Mstaafu! Mi nina miaka thelathini na mbili. Lakini karatasi niliyopewa na mwekezaji inasema nimestaafishwa kwa kupunguza wafanyakazi, basi sawa, nitaongea kama mstaafu. Miaka kumi na tatu nilikuwa pale. Vyeo vyangu sivitaji kwa sababu havikuwepo.

Nilitokea Kisiba, nyumbani. Wakati huo shamba la chai lilikuwa bado la serikali, na katikati ya chai kulikuwa na uwanja wa gofu wa mashimo tisa ulioachwa na wazungu wa zamani. Mi nilikwenda kuomba kuchuma chai. Karani akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "We mrefu, nenda kwa Mzee Asajile." Hakunieleza urefu unahusiana na nini.

Nikamkuta asubuhi na ukungu, amesimama kwenye grini ya kwanza. Grini ni ile duara ya majani mafupi kama zulia, yenye shimo na bendera, ambapo mchezaji anausukuma mpira polepole uingie. Mzee alikuwa msimamizi wa uwanja. Alivaa koti la mvua la kijani na buti mbili zisizofanana. Mkononi ana mwanzi mwembamba, mrefu kuliko nyumba yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kufagia maji?"

"Maji hayafagiliwi, mzee."

"Leo utayafagia. Shika, pangusa umande."

Nikajua ananitania. Hakuwa ananitania. Unaushika mwanzi kiunoni, unauzungusha chini, kushoto, kulia, ncha inalamba majani na umande unadondoka. Umande ukiachwa ukauke wenyewe, majani yanaota uyoga mweupe kama utando wa buibui, na kwa mvua za Rungwe hujakaa sawa grini imeoza. Mabega yaliniuma siku nne. Siku ya tano nikatupa mwanzi nikamwambia hii ni kazi ya kipumbavu. Akaniuliza:

"Sehemu ipi ndiyo ya kipumbavu?"

Akaniokotea mwanzi. Sikuwahi kuulizwa swali na mtu mkubwa baada ya kumfokea, nilizoea kupigwa. Kuanzia siku ile, mtu akimsema vibaya Mzee Asajile amenisema mimi. Mnalijua hilo wote, Saidi analijua kuliko wote maana alikuwa kedi pale, anawabebea wachezaji mifuko ya fimbo, na siku moja tulishikana mashati kwa sababu hiyohiyo.

Mashine nilijifundisha mwenyewe. Kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza, kimeliwa na panya kuanzia mwanzo mpaka ukurasa wa tisa, kwa hiyo ninajua jinsi ya kukarabati mashine ya kukata majani lakini sijui jinsi ya kuiwasha kwa mujibu wa kitabu. Nilisoma na kamusi ya kuazima kwa mchungaji. Nikagundua kwamba visu vinanolewa kwa kuvizungusha kinyumenyume vikiwa vimepakwa mafuta yaliyochanganywa na mchanga laini. Halafu unapima kwa karatasi ya gazeti. Kisu kikikata gazeti bila kulivuta, kitakata jani. Kikilivuta, usiguse grini, rudi ukanoe. Nyie mnaopeleka mashine kwa fundi kila ikikohoa, jaribuni hilo kwanza.

Kutoboa mashimo hakunifundisha mtu yeyote ila yeye. Shimo la gofu halikai mahali pamoja. Linahamishwa kila siku mbili tatu ili nyayo zisiue majani. Una chuma cha duara chenye mpini wa msalaba, unakizungusha kwenye ardhi, unatoa kigogo cha udongo na majani yake, unakwenda kuziba nacho shimo la jana. Kukata ni rahisi. Kazi ni kuchagua wapi. Mzee alikuwa na mpira mmoja wa zamani, umechubuka kama kiazi. Kabla ya kukata, anainama, anauweka mpira hatua tatu juu ya pale anapotaka shimo, anausukuma kwa kidole kimoja. Ukipita na kusimama karibu, anakata. Ukipita ukaendelea kuteremka, anauokota, anahama.

"Kwa nini usiwatese kidogo?" nilimuuliza. "Ni mchezo."

"Mtu akikosa kwa sababu amekosea, kesho atarudi. Akikosa kwa sababu mimi nimemkosesha, atarudi kunitafuta mimi."

Sasa kitu ambacho watu wa mjini hamkijui, na ndicho kilichotuua. Pembeni ya njia ya kuchezea panaachwa majani marefu kidogo, wachezaji wanayaita rafu. Ukipiga mpira vibaya unaingia humo, unapata tabu kidogo, ndiyo adhabu yako. Kule kwetu rafu haikukatwa na mashine hata siku moja. Ilikatwa na akinamama wa Mpuguso, kijiji jirani na shamba. Wanafuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda, na ng'ombe wa bandani anataka majani kila siku, sherehe iwepo isiwepo. Kila mama alikuwa na sehemu yake, kama shamba. Mama Tupoki alikuwa na upande wa kulia wa shimo la saba, alioachiwa na mama mkwe wake. Wanaingia alfajiri na mundu, Mzee Asajile anapita akipima kwa fimbo yake: usizidi hapa, usipunguze hapa. Saa mbili wameondoka, mizigo kichwani, na rafu imenyooka. Shamba halikutumia hata tone la petroli. Na hakuna mkutano uliowahi kukaa kupanga jambo hilo, halikuandikwa popote. Kumbukeni hapo, halikuandikwa popote.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Mara madukani Tukuyu kuna mipira mipya ya gofu ndani ya boksi, kuna mitumba ya kila namna, mimi mwenyewe nilinunua suruali iliyokuwa na jina la shule ya nchi gani sijui. Shamba likauzwa. Akaja mwekezaji, ambaye tulimwona mara mbili, zote akiwa ndani ya gari, na akaleta Katibu mpya wa klabu ya gofu kutoka Dar. Jina lake silitaji, ana watoto. Kijana kama mimi, mashati meupe, anatembea kwa haraka hata akiwa hana pa kwenda.

Katibu alileta televisheni na mkanda wa video. Jioni moja akatuita wafanyakazi wote wa uwanja, tukakaa chini, akatuwekea mkanda wa mashindano makubwa ya Ulaya. Tukaona majani yanafika magotini. Tukaona mtu mzima, bingwa, anausukuma mpira kwa upole, mpira unapita shimo, unaendelea, unaendelea, unatoka nje ya grini kabisa. Bingwa ameshika kichwa. Katibu akasimamisha picha hapo.

"Mnaona? Bingwa wa dunia analia. Hiyo ndiyo heshima ya uwanja. Tutaandaa mashindano ya wazi hapa, watu watatoka Dar, Arusha, Malawi, Zambia. Nataka nao walie."

Mzee Asajile akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Bwana Katibu, hao wanaolia wamelipwa kulia. Wetu watakuwa wamejilipia nauli."

Tukacheka. Hapo tulifanya kosa. Katibu hakucheka, na mtu asiyecheka wenzake wote wakicheka, mchunguze, atalipiza. Mimi toka jioni ile nilianza kumtilia shaka. Nilijiuliza, huyu anataka nini hasa? Mwekezaji ni mtu wa chai. Ardhi ya uwanja ni nzuri kwa chai kuliko sehemu nyingine zote. Mashindano yakiharibika, nani atautetea uwanja? Nikamwambia Saidi, akasema nina ugonjwa wa kuona nyoka kwenye kila kamba. Haya, Saidi, leo pale pana nini? Pana chai.

Masika yalipokolea zikashuka amri. Ya kwanza, wageni marufuku kuingia uwanjani mpaka mashindano yaishe. Wageni maana yake akinamama wa Mpuguso. Asubuhi ya kwanza nilikuwepo getini. Askari wa kampuni amesimama, akinamama wamesimama na mundu zao, Katibu anatoka ndani anakimbia.

"Hapa ni uwanja wa gofu, siyo malisho!"

Mama Tupoki akamsalimia kwanza kwa Kinyakyusa, akamwita baba, kwa adabu zote, goti chini kidogo. "Ugonile, tata. Sisi hatulishi hapa. Tunakunyoa wewe ndevu bure."

Akinamama wakaangua kicheko. Katibu akageuka, akamwona Mzee Asajile amekuja. Na pale, mbele ya wanawake ambao mzee alikua nao, wengine shemeji zake, wengine wakwe, Katibu akamwambia, "Na wewe mzee, ndiye umeugeuza uwanja wa mabingwa kuwa zizi. Miaka yote umelala."

Mi nilishamkaribia Katibu, ngumi iko tayari. Mzee akanishika nyuma ya shati. Akawaaga akinamama kwa Kinyakyusa, mmoja mmoja, "ndaga, ndaga fijo," kama anawashukuru kwa kuja msibani, na wakaondoka na mundu kavu. Kwa wasiojua mambo yetu, hiyo ya kutukanwa mbele ya wakwe ni bora upigwe. Kesho yake akanilazimisha kwenda kumwomba Katibu radhi kwa ngumi ambayo sikuipiga. Nilikwenda. Niliomba radhi kwa sauti iliyofanya karani wa chumba cha pili aje kuangalia kuna ugomvi gani.

Wiki sita. Nyie mnaijua mvua ya Rungwe? Ukisahau fimbo nje inaota. Rafu ilifika magotini, ikapita, ikajifunga kama kichwa cha mwendawazimu. Mama Tupoki akamrudisha ng'ombe mmoja kwa shemeji yake Kisiba kwa kukosa majani, huku majani ya kulisha ng'ombe ishirini yanalala uwanjani. Amri ya pili, mashine ikateremshwa visu, grini zikakatwa chini mpaka unaona udongo. Amri ya tatu, zikapitishwa rola asubuhi na jioni. Mvua zilipokatika upepo wa kipupwe ukazikausha. Ukiudondosha mpira unasikia kama umedondosha kwenye sakafu ya kanisa.

Kila amri, Mzee alijibu hivyohivyo. "Sawa, Bwana Katibu."

Hicho ndicho kilichonitisha mi, kuliko rafu. Mzee Asajile hakuwa mtu wa sawa. Angeuliza sehemu ipi. Angenyoosha mkono. Nilimwambia, "Tata, mwambie basi, wewe atakusikia."

"Nilishamwambia, akaniambia nimelala. Aliyelala haongei."

Ijumaa kabla ya mashindano, Katibu alizunguka grini zote tisa akichomeka vijiti vyeupe mahali anapotaka mashimo yakatwe. Tulimfuata mimi na Mzee. Alivichomeka pabaya, pembeni pembeni, kwenye miinamo. Lakini niwe mkweli: vilikuwa pabaya, siyo pasipowezekana. Nilitegemea Mzee atoe ule mpira wake ausukume kwa kidole amwonyeshe. Hakuutoa mfukoni.

Jumamosi asubuhi akaniambia, "Lugano, kanoe visu."

"Visu nimenoa jana, tata. Vinakata gazeti."

"Kavinoe tena. Mashimo nitakata mwenyewe."

Kwa miaka kumi na tatu tulikata pamoja, mmoja anazungusha, mwingine anabeba kigogo. Nikaenda, nikavinoa visu visivyohitaji kunolewa, halafu nikazunguka kukagua, kama kawaida yangu. Shimo la kwanza, pale kilipokuwa kijiti. La pili, pale pale. La tatu, la nne, la tano, la sita, yote sawasawa na amri, mpaka nikafurahi, nikasema mzee wangu hana neno. Nikafika la saba.

Bendera ilikuwa hatua mbili na nusu chini ya pale nilipoona kijiti Ijumaa. Nikajua nimesahau. Nikainama. Kitundu cha kijiti kilikuwepo, kidogo, duara, kama jicho la kuku, kwenye majani yaliyokatwa mafupi vile hakijifichi. Nilikuwa na mpira mfukoni. Nikauweka juu ya kile kitundu, hatua tatu, nikausukuma kwa kidole. Ulipita, ukasita, ukasimama. Nikaenda kwenye shimo lenyewe. Nikausukuma vilevile. Ulipita shimo, ukashika mteremko, ukatoka kwenye grini, ukaingia kwenye rafu ya Mama Tupoki, na mpaka leo sijauona.

Nilipiga magoti. Nikachukua udongo kidogo pembeni, nikakiziba kile kitundu kwa kidole gumba, nikakandamiza, nikachana majani juu yake kwa kucha. Sikuwaza. Mtu akiniuliza nilichukua muda gani kuamua, sikuamua. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mashindano mliyasikia. Wachezaji walianza na vicheko na kufikia shimo la tatu walikuwa hawasemeshani. Makedi walizama kwenye rafu kutafuta mipira kama watu wanaotafuta maiti. Akinamama wa Mpuguso walikuwa wamejipanga nje ya uzio, wamevaa khanga nzuri, wamekuja kuangalia. Mama Tupoki akapaza sauti, "Bwana Katibu, wagawie mundu!" Watu wakacheka mpaka wachuma chai waliokuwa juu mlimani wakauliza kuna nini.

Lakini kwenye la saba kicheko kiliisha. Kulikuwa na mzee mmoja wa Malawi, mpole, mnene, kofia ya rangi ya maziwa, alikuwa anaongoza. Mpira wake ulikuwa chini ya shimo. Akausukuma kupanda, ukafika karibu na shimo, ukasita, ukarudi mpaka miguuni pake. Akausukuma tena kwa nguvu zaidi. Ukapita juu, ukasimama kama unafikiri, ukarudi, ukapita shimo, ukapita miguu yake. Mara ya tatu. Ya nne. Ya tano watu tukawa tunaangalia chini kwa aibu, kama vile mtu amevuliwa nguo mbele yetu. Ya saba akalaza fimbo chini taratibu, akavua kofia, akamgeukia Katibu.

"Bwana mdogo, nimetoka Karonga kuja kucheza. Ulitaka kunionyesha nini?"

Akaondoka. Waliomfuata wakaondoka. Hakuna aliyemaliza mashimo. Nilimtafuta Mzee Asajile kwa macho. Alikuwa amesimama chini ya mti wa mkaratusi, mikono nyuma, anamwangalia yule mzee wa Malawi akitembea kwenda kwenye gari. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Haukuwa wa mtu aliyeshangaa pia. Nimeufikiria ule uso sana.

Jumatatu kamati ya klabu ikakaa. Mwekezaji alituma mtu wake. Wakamwuliza Katibu nani alichagua mahali pa shimo la saba. Katibu akasema kwamba yeye alichomeka kijiti mahali pengine, juu zaidi, na shimo limehamishwa kumharibia. Wakamgeukia Mzee.

"Nimekata nilipoambiwa," alisema Mzee Asajile. Basi.

"Twendeni tukaone kitundu cha kijiti," Katibu akasema. "Lazima kiwepo!"

Tukaenda wote. Yule mtu mwenye shati jeupe alipiga magoti kwenye majani, akapapasa grini nzima kwa viganja kama kipofu aliyedondosha sindano. Hakukiona. Akaniangalia mimi. "We Lugano, ulikuwepo Ijumaa. Kijiti kilikuwa wapi? Sema kwa jina la Mungu."

Nikasema, "Kilikuwa hapohapo penye shimo."

Nilisema bila kufoka, na nadhani ndiyo sababu waliniamini. Katibu aliondoka wiki ileile na mabegi mawili na televisheni yake. Mzee hakuguswa, ila haikusaidia. Baada ya miezi michache mwekezaji akasema uwanja umeleta fedheha, akatupunguza wote, na miche ya chai ikapandwa kuanzia shimo la kwanza. Akinamama wa Mpuguso sasa wanakata majani kando ya barabara, yenye vumbi na mafuta ya magari.

Sasa Saidi unasema Mzee aliharibu. Nakujibu: rafu haikuwa yake. Amri ya kuteremsha visu haikuwa yake. Rola haikuwa yake. Mashimo manane mengine niliyakagua yote, yalikatwa pale pale pa vijiti na bado hakuna aliyefurahi, kwa hiyo ule uwanja ulishaharibiwa na mtu aliyetaka watu wazima walie, awe alitumwa au hakutumwa, na mimi kwa upande wangu nitakufa nikiamini alitumwa. Hatua mbili na nusu hazikuua uwanja.

Lakini zilimfukuza mtu. Hilo nalijua na silikimbii. Na kuna lingine linalonikosesha raha kuliko hilo. Kwa nini alinituma kunoa visu vilivyokuwa na makali? Anajua mimi huwa nakagua grini zote. Anajua nitapiga magoti. Ananijua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, anajua mkono wangu utakwenda wapi. Kwa hiyo alinificha nisijue, au alinitegemea nizibe?

Huwa nakwenda kwake Mpuguso Jumapili baada ya ibada. Mama wa nyumbani kwake anatuletea ndizi na maziwa, tunaongelea magonjwa ya mgomba, tunaongelea bei za mbolea, tunaongelea nani kafa. Anafurahi nikifika, anasimama kunipokea mpaka njiani. Shimo la saba hatujawahi kulitaja, hata kwa mzunguko. Mara mbili nimefungua mdomo nikauliza habari za ng'ombe.

Sasa nimeshaandika yote, na Saidi atasoma dukani kwake kwa sauti, ndivyo alivyo. Cheka, Saidi. Halafu acha kucheka unijibu, wewe na nyie vijana wote mnaosoma: mzee aliyekulea kazini, umeona alichokifanya, uko peke yako, udongo uko mkononi. Nani kati yenu angekiacha kile kitundu wazi?